Kutoka Kijiweni Hadi Kliniki: Kazi ya Mwelimishaji Rika Mijini



Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa watu wazima wapatao 60,000 nchini Tanzania hupata maambukizi mapya ya VVU kila mwaka. Ulionyesha pia kuwa kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU, takriban 83 walijua hali zao, na kati ya hao wanaojua, 98 kwa 100 walikuwa wanatumia dawa. Tuzitazame vizuri namba hizi mbili za mwisho. Mtu akishajua hali yake, huduma zetu zinampokea na anaanza dawa. Tunayemkosa ni yule ambaye hajapima, na katika jiji kama Dar es Salaam mtu huyo mara nyingi ni kijana.

Kijana huyu tunamfahamu. Anaendesha bodaboda ya mtu huko Mbagala, na jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye chombo. Au ni binti anayehudumu baa Manzese hadi usiku wa manane. Au anabeba mizigo Kariakoo na kulala geto na wenzake Tandika. Kliniki ya huduma na matibabu ya VVU (CTC) hufunguliwa asubuhi, na foleni inakwenda mpaka mchana. Tunamwambia aje apime kwa kuwa huduma ni bure. Kwake si bure, maana asubuhi ile ndiyo hesabu yenyewe, na tajiri hatasikiliza habari za foleni.

Ndiyo maana tunamhitaji mwelimishaji rika: kijana mwenzake, wa kijiwe kilekile, anayejua saa ambayo wateja hupungua na watu huanza kuzungumza. Mwelimishaji mzuri hafiki na vipeperushi. Anakaa, anasikiliza habari za mpira na za trafiki, na mazungumzo yakifika kwenye mapenzi, kama yanavyofika kila siku, hapo ndipo anapoingia.

Sheria nayo imefungua njia. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 yalishusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, yakaruhusu pia mtu kujipima mwenyewe. Kifaa cha kujipima kwa mate ni chepesi: unapitisha kijiti juu ya fizi, ya juu mara moja na ya chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa na kusubiri dakika 20. Dakika hizo 20 ni ndefu sana kwa mwenye hofu. Hapo ndipo mwelimishaji rika anapofanya kazi ambayo bango haliwezi kuifanya. Anakaa naye, anamweleza kuwa mistari miwili bado si jibu la mwisho mpaka athibitishiwe kituoni, na anamwahidi kwamba kesho watakwenda pamoja. Kisha anatimiza ahadi hiyo.

Hata baada ya kijana kuanza dawa, kazi inaendelea. Kijana wa geto huogopa mlio wa vidonge ndani ya kopo, kwa hiyo huvimimina kwenye karatasi ya nailoni na kulitupa kopo. Unyevu unaziharibu dawa. Mwenzake aliyepita njia hiyo humfundisha namna ya kuuzima mlio bila kuvitoa vidonge kwenye kopo, na humweleza kuwa akitulia kwenye dawa ataweza kupewa za miezi kadhaa kwa mara moja, asipoteze hesabu kila mwezi.

Niwape mfano mwingine. Binti wa baa amepasukiwa kondomu Ijumaa, saa tano usiku. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, yaani PEP, zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Akisubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu saa mbili asubuhi, saa 57 zimekwisha kupita. Anayemfahamu mwelimishaji rika anapiga simu usiku uleule na kuelekezwa hospitali yenye huduma ya dharura. Asiyemfahamu anasubiri, na pengine haendi kabisa.

Kasoro kubwa ya miradi yetu ni namna tunavyoihesabu kazi hii. Fomu zinauliza ni vijana wangapi wamefikiwa, na mwelimishaji anayelipwa kwa idadi hiyo atagawa kondomu na vipeperushi kwa watu 50 na kuondoka. Mwenzake aliyetumia siku nzima kumsindikiza kijana mmoja hadi akameza kidonge cha kwanza anaonekana mvivu kwenye taarifa. Tuhesabu waliofika kliniki, na waliobaki kwenye dawa baada ya miezi sita.

Kasoro ya pili ni fedha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za waelimishaji rika zilikuwa zikilipwa na miradi ya fedha hizo. Ruhusa iliyotolewa baadaye ilirudisha matibabu, lakini dawa kinga za PrEP zikabakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kijana wa kijiweni hakuwemo. Kazi inayogusa uhai wa watoto wetu haiwezi kuendelea kutegemea uamuzi wa Washington.

Serikali ilizindua mwezi Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwapata wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Naomba katika mitaa ya Temeke, Kinondoni, Ilala, Ubungo na Kigamboni, majina yanapochaguliwa, waelimishaji rika wanaofahamika vijiweni wapewe nafasi. Na pale mwenye sifa za kazi anapokosa cheti, halmashauri imtengee posho, nauli na vocha kutoka mapato yake ya ndani. Ombi langu kwenu, waganga wakuu wa manispaa na waratibu wa UKIMWI, ni kulipeleka pendekezo hili kwa wakurugenzi wenu kabla ya vikao vya bajeti ijayo.