Kikundi Kinapotaka Kuchapisha Vitabu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kampuni ndogo ya vitabu, maana vikundi vitatu vimetujia na wazo hilo hilo. Kimoja kina hadithi za wazee, kingine kina kitabu cha kufuga kuku, na cha tatu kina nyimbo na sala. Wazo ni zuri. Lakini pesa mnazotaka kutumia ni akiba ya wanachama, na nyingine ni karo ya muhula ujao. Kwa hivyo tutaongea wazi.

Kwanza tutofautishe watu wawili. Mpiga chapa ni mwenye mashine. Ukishamlipa amemalizana na wewe, kitabu kiuzike ama kisiuzike. Mchapishaji ndiye huchagua mswada, huusahihisha, humlipa mpiga chapa, halafu hubaki na mzigo. Hasara ni yake. Wengi hutuambia wanataka kuwa wachapishaji, kumbe wameulizia bei ya mashine tu!

Haya, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mmepiga nakala 1,000, na kila moja imewagharimu shilingi 120. Hiyo ni 120,000, na mpiga chapa huitaka mapema. Mnaweka bei ya 250. Mwenye duka naye atataka sehemu yake, tuseme asilimia 35, yaani 87.50. Mwandishi mmemwahidi asilimia 10, ni 25. Mnabaki na 137.50. Sasa gawanyeni 120,000 kwa hiyo. Lazima muuze nakala 873 ndipo pesa za kikundi zirudi, na bado hatujataja nauli ya matatu, wala ile nakala ya bure ambayo kila mgeni rasmi huitarajia. Tena, tangu mwaka 2013 vitabu Kenya vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16. Jambo ambalo sisi tuliona si haki kwa mtoto wa maskini.

Tena kuna kungoja. Duka huchukua vitabu kwa maandishi na kulipa vikishauzwa, pengine baada ya miezi mitatu, pengine ni kuzungushwa tu, njoo kesho, mkubwa ametoka. Kampuni ndogo nyingi hufa hapa, na wala si kwa kukosa wasomaji. Vitabu vimeenda, pesa haijarudi, na cha pili hakiwezi kupigwa chapa. Ndiyo maana tunawaambia mwanzo pigeni nakala 300 tu. Kila nakala itakuwa ghali kidogo, ndiyo, lakini afadhali hivyo kuliko maboksi kujaa nyumbani kwa mweka hazina.

Msifikiri haiwezekani. Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers kule Kisumu, mbali na makampuni makubwa ya Nairobi, akatoa vitabu kwa Kiingereza na kwa Kijaluo. David Maillu naye alianzisha Comb Books miaka ya 1970, akatoa vijitabu vidogo vya bei nafuu, vikanunuliwa sana na watu ambao hawakuwa na desturi ya kununua vitabu. Yaliyokuwa ndani si ya kusomea watoto, na mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku baadhi yake. Baadaye kampuni ilianguka. Lakini alimjua mnunuzi wake: mfuko wake una kiasi gani, na anapita njia ipi jioni. Nyinyi mnamjua wenu? Wa kitabu cha kuku yuko sokoni na kwenye duka la dawa za mifugo, si kwenye duka la vitabu mjini. Na huyo wa sokoni hulipa papo hapo.

Makaratasi ni machache. Andikisheni jina la biashara. Ombeni nambari ya ISBN kwa Maktaba ya Taifa. Andikianeni mkataba na mwandishi, hata akiwa ni shemeji yako. Hasa akiwa ni shemeji yako. Wazee waliosimulia hadithi nao waandikwe majina, na mkubaliane watapata nini. Na kikundi cha sala, sikilizeni: Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 826, inataka kitabu cha sala kipate ruhusa ya askofu wa mahali kabla ya kutolewa. Pelekeni mswada kabla haujafika kwa mpiga chapa, maana neno moja likikataliwa baadaye, mtarudia kazi yote kwa gharama yenu.

Kuhusu kuweka vitabu: msiviweke sakafuni. Wekeni mbao chini, mbali na ukuta, na mtu avipindue kila wiki. Mchwa hawasomi, lakini humaliza kitabu haraka.

Sasa maswali. Tumeona mkono kule nyuma. Mama, karibu.