NINGALIJUA, NINGALIULIZA

Maneno aliyoyasema mwanafunzi mmoja wa zamani mbele ya wenzake na wanafunzi wa leo, siku ya mkutano wa kila mwaka

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana wetu mlioketi nyuma mkingoja chakula:

Katibu wetu aliponiandikia aliniomba niseme machache juu ya faida ya Kiingereza katika kazi. Nimekubali, lakini badala ya faida nitawaeleza hasara. Tena hasara iliyomfika mtu mwingine kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika mimi. Maneno hayo ni "must have".

Tuliokaa darasa moja mtalikumbuka somo lenyewe. Mwalimu aliandika ubaoni kwa safu: "may have, could have, must have, can't have, should have, needn't have". Akatuambia kanuni ni moja: baada ya "have" hufuata kitenzi katika umbo lake la tatu, yaani "gone" wala si "went", "taken" wala si "took". Na hiyo "have" haibadiliki hata kidogo: husemwa "she should have gone", kamwe si "she should has gone". Tuliikariri kanuni hiyo kama jedwali la kuzidisha, na katika mtihani nilipata yote. Nisilolijua ni kwamba kila neno katika safu ile lina uzito wake, kama mawe ya mizani, na mwenye duka akikosea jiwe, mnunuzi ndiye anayeumia.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1979 nilikuwa karani kijana katika shirika moja mkoani. Vita vya Kagera vilikuwa vikiendelea, na malori mengi yalichukuliwa kwenda kusaidia jeshi. Sisi tulikuwa tukingoja mbolea kutoka Tanga. Karatasi zilionyesha kwamba imetumwa mifuko 180 kwa malori mawili: la kwanza mifuko 140, na la pili mifuko 40 pamoja na mizigo mingine. Hesabu ilipofanywa, ghalani ilikutwa mifuko 140 tu. Mtunza ghala, mtu mzima mwenye umri wa baba yangu, alisema kwamba lori la pili halikufika. Mkubwa wetu hakumsadiki. Akanigeukia mimi: "Wewe umesoma. Andika taarifa ya Kiingereza ipelekwe makao makuu."

Nikaandika kurasa mbili. Mwisho wake nikaweka hivi: "The storekeeper must have taken the forty bags." Niliisoma sentensi hiyo mara tatu kwa furaha, maana sarufi yake haikuwa na doa. Baada ya wiki tatu mzee yule alifukuzwa kazi, akaamriwa alipe thamani ya mifuko 40.

Vijana, tutazame nilichoandika. "Must" mnaijua kwa maana ya lazima, kama mwanafunzi kulazimika kuvaa sare. Lakini "must have taken" haielezi wajibu wa jana. Huo ungekuwa "had to take". Maana yake ni kwamba msemaji hakuona kwa macho, ila amepima dalili zote akafikia uamuzi mmoja tu. Kiswahili chetu kinayo namna hiyo. Ukikuta mlango una kufuli na taa imezimwa, husema, "Atakuwa ameondoka." Hukumwona akiondoka, lakini huna shaka.

Chini ya ngazi hiyo iko "may have taken": huenda amechukua, huenda hakuchukua. Hapo msemaji anakiri kwamba hajui. Upande wa pili iko "can't have taken": haiwezekani kuwa amechukua. Angalieni hapa, maana wengi hujikwaa. Kinyume cha "must have" katika kukisia si "mustn't have", bali ni "can't have".

Je, mimi nilikuwa na dalili gani? Nilikuwa na karatasi iliyosema kwamba lori limeondoka Tanga. Karatasi iliyosema kwamba lori limefika sikuwa nayo. Kwa ushahidi huo nilikuwa na haki ya kuandika "may have" tu, tena kwa shida. Na kama ningalitembea hatua mia moja hadi langoni nikafungua daftari la mlinzi, ningalikuta kwamba siku ile na siku zilizofuata hakuna lori la pili lililoandikwa kuingia. Hapo ningaliandika, "The lorry can't have arrived." Kutoka "must have" hadi "can't have" palikuwa na hatua mia moja, nami sikuzitembea.

Miezi saba baadaye dereva wa lori la pili alirudi. Mfukoni alikuwa na karatasi iliyochakaa, yenye sahihi na mhuri wa ghala la mji mwingine. Alikuwa amesimamishwa njiani, akaamriwa ashushe mizigo yote pale, na lori likaelekea Kagera. Mifuko 40 ilikuwa imekaa huko muda wote huo, imefunikwa turubai.

Tangu siku hiyo nilianza kuuelewa upande wa pili wa safu ile ya ubaoni, ule wa majuto. "I should have asked him": nilipaswa kumwuliza, na sikumwuliza. "I could have telephoned": niliweza kupiga simu kwenye maghala ya njiani, na simu ilikuwa mezani pangu, lakini sikupiga. Neno "should have" humtia mtu hatiani kwa wajibu alioutupa. "Could have" humwonyesha mlango uliokuwa wazi asiupite.

Lakini lililonichoma zaidi ni "needn't have". Mwalimu wetu alitufundisha tofauti ambayo wakati ule niliiona ya upuuzi. Ukisema "he didn't need to sell it", umesema tu kwamba haja ya kuuza haikuwapo. Huenda aliuza, huenda hakuuza. Ukisema "he needn't have sold it", maana yake aliuza kweli, na ikawa bure. Mzee yule, ili kulipa deni lisilo lake, aliuza cherehani ya mkewe, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto. "He needn't have sold it." Katika mtihani sentensi hiyo ni alama moja.

Shirika lilimrudishia fedha na kumwita kazini. Fedha alipokea, kazini hakurudi. Mimi nilikaa na aibu yangu miaka minne. Mwaka 1983 nikafunga safari hadi kijijini kwake. Nilimkuta anapalilia. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu." Nikamweleza kwamba taarifa ile niliiandika mimi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mimi Kiingereza sikusoma. Walinionyesha ile karatasi, nikaona mistari tu. Nilikuwa nangoja mtu mmoja aje aniulize kwa Kiswahili."

Hakunitukana. Alinipa mihogo ya kuchoma, tukala. Njia nzima ya kurudi nilitamani kwamba angalinitukana.

Ndugu zangu, sikuja hapa kukishutumu Kiingereza. Kosa halikuwa la lugha. Lugha ile ilinipa maneno ya kupima shaka yangu kwa ngazi, nami nikachukua jiwe zito kuliko yote kwa kuwa lilisikika vizuri. Lakini anayeandika habari za mtu kwa lugha ambayo mtu huyo haisomi ana mzigo maradufu, kwa maana mwenzake hawezi kumsahihisha.

Kwenu vijana nina mambo matatu. La kwanza ni la mtihani. Sisi husema "Ningalijua, ningaliuliza", na "-ngali-" hukaa pande zote mbili. Kwa hiyo wengi wenu huandika "If I would have known, I would have asked". Msifanye hivyo. Upande wa sharti ni "had": "If I had known, I would have asked." Na msiandike "would of" kwa kuwa ndivyo sikio linavyosikia, hata Waingereza wenyewe hukosea hapo.

La pili ni la kazini. Kabla ya kuandika "must have", hesabu dalili zako kwa vidole. Ukiona zinaruhusu maelezo mengine hata moja, shuka ngazi uandike "may have". Hakuna aliyepata kufukuzwa kwa sababu karani alikiri kwamba hajui.

La tatu ni la maisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wenzangu wenye mvi tuliomo humu, kila mmoja anaye mjukuu wake wa namna hiyo, na hatuwezi kumrudisha alikotoka. Lakini "should have" ina ndugu yake mdogo, naye ni "should" peke yake, bila "have". Hiyo ni ya leo na kesho. Kama yuko mtu unayepaswa kumwuliza, au kumwomba radhi, nenda kabla neno halijaongezeka.

Mzee yule alifariki mwaka 1991. Nashukuru kwamba mihogo yake niliila.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wananitazama.