Kupokea Wimbo: Maneno ya Kuimba Tunayoyatumia Bel-Air



Nimeombwa kuzungumza juu ya maneno ya nyimbo za sherehe na za ibada. Nitaanzia kwenye kilio kimoja, yaani mkesha wa msiba, hapa hapa Bel-Air, mtaa wetu wa Lubumbashi, usiku wa pili. Viti vya plastiki vilikuwa chini ya turubai, makaa yamefifia, watu wamenyamaza. Mama mmoja mzee, ameketi mkekani na kitambaa begani, akaanzisha wimbo. Hakusimama wala hakutangaza. Alitoa mstari mmoja tu, kwa sauti ya chini. Kabla hajaumaliza, wa kando yake walikwisha kuudaka. Mstari wa tatu ulipofika, hata vijana waliokuwa barabarani na simu zao walikuwa wakiitikia. Kesho yake nilimwuliza wimbo ule ni wa nani. Akanijibu: "Miye nilianzisha tu, bengine balipokea."

Neno hilo, kupokea, ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Lakini kwanza tuanze na neno pana zaidi, kuimba. Hapa Lubumbashi ni neno la kila mtu, maana mzizi wake uko katika lugha nyingi za nyumbani kwetu: Mluba wa Katanga ana lwimbo, Mbemba ana ulwimbo na inyimbo. Aliyetoka Kasai ndiye aliyekuja na neno lake jingine, musambu. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, watu wakaja na lugha zao, na mtoto aliyezaliwa hapa akasema wimbo moya, manyimbo mingi. Mwalimu wa sarufi atalipigia mstari mwekundu neno manyimbo. Mimi siligusi. Mwaka 1965 André Yav alipoandika historia ya watu wa Elisabethville, jina la zamani la mji huu, aliiandika kwa Kiswahili hiki hiki chetu na kuiita Vocabulaire, yaani kitabu cha maneno. Aliamini kwamba maneno ya mji yanabeba habari za mji, nami naamini hivyo.

Hata kilio chenyewe ni ndugu wa malilo ya Wabemba. Yote mawili yametoka katika kulia. Ndiyo maana katika kilio huwezi kupata mpaka kati ya kulia na kuimba. Mama anaanza analia, na bila wewe kutambua, anaimba.

Sasa nije kwenye neno ambalo sisi wa korali tumeliacha lipotee. Ile sehemu ya wimbo inayorudiwa na wote tunaiita refreni. Ni neno la Kifaransa, na halina ubaya, ila linasema tu kwamba kitu kinarudi. Halisemi nani anakirudisha. Kiswahili kina maneno manne kwa sehemu hiyo, na kila moja lina kazi yake. Mkarara ni neno la washairi. Kibwagizo kimetoka katika kubwaga, kama mtu anayetua mzigo mwisho wa ubeti. Kiitikio kimetoka katika kuitika: kuna aliyeita, na kuna aliyesema "naam". La nne ni kipokeo. Hapo unaona mikono ya watu wawili, wa kwanza ananyoosha, wa pili anashika. Waislamu wa pwani wanaosoma kaswida wanaujua mpango huu vizuri: mmoja anatangulia, wengine wanampokea, na ikiwa wapokeaji ni dhaifu, aliyetangulia hata awe na sauti nzuri namna gani, kaswida inakufa.

Kupokea kuna maana nyingine tena, na hiyo iko karibu nasi kuliko tunavyokumbuka. Mhubiri Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akaletwa gerezani katika mji huu, akakaa humo miaka 30 hivi, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Katika kanisa linaloitwa kwa jina lake, nyimbo nyingi hazisemwi kuwa zimetungwa. Zinasemwa kuwa zimepokelewa kutoka mbinguni, na aliyezipokea anawapa wengine waziimbe. Si lazima uwe muumini wa kanisa lile ili uone uzito wa usemi huo. Mtu anayesema "nimepokea wimbo" hawezi kusema tena "wimbo ni wangu, ninyi sikilizeni".

Sidharau kutunga. Joseph Kiwele, mwalimu wa muziki wa mji huu, alitunga Missa Katanga, naye ni fahari yetu. Lakini tazama Missa Luba, iliyotoka Kamina kwa padri Guido Haazen na wavulana wake mwaka 1958. Maneno ni ya Kilatini, Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana, na sehemu kubwa ya misa ilizaliwa mazoezini: mmoja akajaribu sauti, wengine wakaijibu, mpaka ikakaa. Dunia iliisikia katika sahani za santuri, ikadhani ni kazi ya karatasi. Ilikuwa kazi ya kuanzisha na kupokea.

Nasema haya kwa uchungu. Katika kanisa moja nililosali, korali ilipata vipaza sauti vipya. Jumapili ya kwanza, bamama wa viti vya nyuma waliitikia kama kawaida yao, kwa nguvu na kwa kuchelewa kidogo, na vigelegele juu. Kiongozi aliwapungia mkono wanyamaze, kwa sababu waliharibu sauti. Wakanyamaza. Noeli ilipofika, nyimbo walizozijua tangu utoto zilipita mbele yao na midomo yao imefungwa. Sijawahi kuona Noeli baridi vile.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa korali ni dogo. Katika daftari zenu za mazoezi, futeni R ile ya refreni, andikeni "wapokee wote". Msimamizi wa mashine apunguze sauti mahali hapo, asiongeze. Na kila korali iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake si kuimba mbele, bali kukaa katikati ya watu na kupokea kwa sauti ili jirani zake wasiogope. Nyumbani kwetu mtu huyo alikuwepo siku zote. Hatukumpa jina. Tumwite mpokezi.

Baada ya chai tutafanya zoezi bila karatasi. Bamama wa mstari wa nyuma ndio watakaoanzisha.