Bahari Inapobadili Mazao Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema mbele yenu siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka 10. Wako watakaowasimulia habari za maghala, mizani na malipo ya pili, nao wazijua kuliko mimi. Mimi nimeombwa niseme neno la elimu, nami nimechagua habari ya bahari ya Japani. Wengi wenu hamkupata kutupa jarife hata siku moja. Lakini habari hii ni ya zao lililopotea, ya zao jipya lililoshika mahali pake, na ya watu wa ushirika waliolazimika kuamua la kufanya. Habari ya namna hiyo ni ya kila mkulima.

Yafaa kwanza mjue kuwa wavuvi wa Japani ni wanaushirika kama sisi. Sheria ya vyama vyao vya ushirika ilitungwa mwaka 1948, na sheria ya uvuvi ikafuata mwaka 1949. Kwa sheria hizo haki ya kuvuna mwani, kamba na konokono wa baharini karibu na ufuko hupewa chama cha wavuvi wa mahali pale, wala si mtu mmoja. Na wanachama hupatana wenyewe lini pavunwe na lini papumzishwe. Basi bahari ile ya karibu ni kama shamba lao, nao hulitazama kwa jicho la mwenye shamba.

Katika pwani ya kusini ya nchi ile, penye majimbo ya Kochi, Wakayama na Mie, bahari si ya joto kama yetu, wala si ya baridi kali. Mkondo mkubwa utokao kusini hupita karibu nayo. Wajapani huuita Kuroshio, maana yake Mkondo Mweusi, nao huileta joto. Juu ya miamba yake tangu zamani huota mwani wa kahawia wenye shina imara na majani mapana, unaoweza kufikia kimo cha mtu, ukasimama kama msitu chini ya maji. Ndani ya msitu huo hukaa samaki wadogo na kamba, na hulishwa konokono mmoja mkubwa mwenye gamba bapa, aitwaye awabi, ambaye bei yake ni kubwa sana. Huko Mie wako wanawake waitwao ama, wanaopiga mbizi kwa pumzi zao wenyewe, pasipo mtungi wa hewa, ili kumtafuta konokono huyo. Mwani ukiwapo, awabi wapo. Mwani ukitoweka, kikapu hurudi kitupu.

Sasa natia matumbawe katika habari hii. Tumbawe hai si jiwe wala si mmea. Ni jamaa ya wanyama wadogo sana wajengao nyumba ya chokaa. Na ndani ya miili yao hukaa vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo huwapa chakula kwa nguvu za jua. Wanyama hao hupenda joto: mahali ambapo maji hukaa chini ya nyuzi 18 za Sentigredi kwa muda mrefu, aghalabu hawajengi miamba mikubwa. Kwa hiyo, katika pwani niliyoitaja, matumbawe yalikuwa kama wageni wachache katika shamba la mwani.

Mwaka 2011 mtaalamu Hiroya Yamano na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walikusanya kumbukumbu za matumbawe ya Japani za muda wa miaka 80, tangu miaka ya 1930, wakazilinganisha na hali ya sasa. Katika aina 9 walizozichungua, aina 4 zilikuwa zimesogea kaskazini, na mwendo wa baadhi yake ulifika kilomita 14 kwa mwaka. Hapana aina hata moja iliyoonekana kurudi kusini. Mwaka uliofuata walieleza habari za mwamba wa matumbawe kwenye kisiwa cha Tsushima, kaskazini ya nyuzi 34 za latitudo, mbali sana na nchi za joto.

Mtu akisikia hayo huenda akafurahi, akasema kuwa bahari imepata pambo jipya. Lakini na tuufungue ukurasa wa pili wa daftari. Huko Kochi, katika Ghuba ya Tosa, msitu wa mwani wa mahali paitwapo Tei ulikuwa umetoweka kufikia mwaka 2000. Na katika miamba mingine ya ghuba hiyo matumbawe yameshika nafasi ya mwani. Hali ya miamba kubaki uchi Wajapani huiita isoyake, yaani kuungua kwa ufuko. Joto lenyewe huudhoofisha mwani. Lakini tena kuna walaji. Samaki wa jamaa ya tasi na pono, ambao zamani baridi iliwapunguzia ulaji, sasa hula majani ya mwani kwa muda mrefu zaidi wa mwaka. Kwetu pwani tasi ni kitoweo cha kusifiwa. Wavuvi wengi wa Japani humtupa kwa sababu ya harufu yake na miiba yake yenye sumu, na kwa hiyo huzidi kuongezeka na kula.

Jambo jingine ni njia ya kusafiri. Vitoto vya matumbawe huelea majini, na mkondo huvichukua kaskazini. Mbegu za mwani mkubwa aghalabu huanguka karibu na mama yake. Basi mgeni huja kwa haraka, na mwenyeji hawezi kuhama kwa haraka ile ile.

Je, hii ni faida au ni hasara? Kwa mwenye mashua ya kuwachukua watalii, matumbawe ni riziki. Pwani ya Kushimoto, katika Wakayama, iliandikwa mwaka 2005 katika orodha ya Ramsar ya mahali pa maji panapostahili kulindwa, na sababu ni matumbawe yake. Kwa mama apigaye mbizi kutafuta awabi, jambo hilo hilo ni njaa. Bahari ni moja, lakini hesabu ni mbili; na chama cha haki hakina budi kuzisoma zote mbili.

Wala mazao hayo mapya hayana dhamana. Kusini kabisa ya Japani, katika wangwa wa Sekisei, joto la mwaka 2016 liliyafanya matumbawe yawe meupe, na kiasi cha asilimia 70 yakafa. Huko Otsuki, katika Kochi, baridi isiyo ya kawaida ya mwanzo wa mwaka 2018 iliwaua samaki wengi waliokuwa wamehamia kutoka maji ya joto. Tena kwenye kisiwa cha Shikine, kusini ya Tokyo, hewa ya ukaa hutoka chini ya bahari kwa nguvu za volkano, na kuyafanya maji yawe na ukali wa asidi kama itakavyokuwa bahari nyingi ikiwa moshi wa viwanda na magari hautapunguzwa. Wataalamu walipochungua hapo, hawakukuta msitu wa mwani wala bustani ya matumbawe, bali majani mafupi yaliyotanda juu ya mwamba. Kumbe mwenyeji aweza kuondoka, na mgeni asifike.

Wavuvi wa ushirika wamefanya nini? Hawakukaa kitako. Katika vijiji vingi wanachama huenda pamoja siku zilizopangwa, wakaondoa wanyama wa miiba walao mwani, wakawavua samaki walaji, wakazungushia nyavu sehemu za miamba, na kutundika mifuko yenye mwani uliokomaa ili mbegu zianguke. Mahali pengine mwani umerudi. Mahali pengine joto limewashinda. Lakini hapana mtu mmoja ambaye angeweza kazi hiyo peke yake, maana mlaji akiondolewa penye mwamba wangu na kuachwa penye mwamba wako, kesho amerudi kwangu.

Ndugu Wanachama, jambo hili halikuishia Japani. Wakulima wa mwani wa Unguja, ambao wengi wao ni wanawake, walianza kilimo hicho kwa biashara mwaka 1989. Wanazilima aina mbili, na ile yenye bei nzuri zaidi, waiitayo kotonii, ndiyo inayokufa maji yanapopata joto kupita kiasi. Nao pia wameona zao la thamani likiwaponyoka, likabaki lile la bei ndogo. Na sisi wa bara, tunaopanda kwa kungojea mvua, hatuna sababu ya kujiona salama.

Neno langu kwenu ni hili. Wataalamu wale waliweza kujua mwendo wa matumbawe kwa sababu kabla yao, kwa miaka 80, watu walishuka majini, wakatazama, wakaandika waliyoyaona pamoja na mahali na tarehe. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Twaandika kilo katika stakabadhi, na hiyo ni kazi njema. Lakini tangu mwaka huu kila chama cha msingi na kiandike pia siku mvua ilipoanza, wadudu walioonekana, mbegu iliyostahimili na mbegu iliyoshindwa. Gharama yake ni daftari moja na karani mwaminifu. Na daftari hilo lisomwe mkutanoni mbele ya wote, ili hasara ya wachache ijulikane mapema, kabla haijawa hasara ya wote.

Miaka 10 iliyopita mlikubali kuuza pamoja. Nawaomba katika miaka 10 ijayo mkubali kutazama pamoja. Mungu akibariki Chama Kikuu chetu, awape wanachama wake mavuno na busara ya kuyahesabu.