Mwenye Ufunguo na Atunze Daftari



Leo twataka kusema juu ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, maana wako watoto wetu na ndugu zetu waliokwenda huko kutafuta kazi, na wengine wangali wanakwenda.

Wizara hii ilianzishwa mwaka 1782. Kazi zake ni kubwa: kusimamia mambo ya polisi wa England na Wales, kuangalia idara ya upelelezi wa ndani, kutoa pasipoti, na kuamua mgeni yupi aingie na yupi arudishwe. Hatusemi kazi hizo ni mbaya. Kila nchi ina mlango wake, na mlango hutaka mlinzi. Neno letu ni hili tu: anayeshika ufunguo ndiye apasaye kutunza daftari.

Tazameni yaliyowapata wafanyakazi wa visiwa vya Karibi. Mwaka 1948 meli Empire Windrush ilifika Tilbury na mamia yao. Wengi wakafuata, wakafanya kazi katika mahospitali, mabasi na reli. Waliingia kwa haki, kwa kuwa walikuwa raia wa Mfalme. Sheria ya 1971, iliyoanza kutumika 1973, iliwaachia haki ya kukaa wale waliokwisha kukaa. Lakini Wizara haikuwapa wote vyeti, wala haikuandika daftari la majina yao. Mwaka 2010 kadi zao za zamani za kushukia melini zikaharibiwa.

Kisha sheria za 2014 na 2016 zikakaza kamba. Wenye nyumba wakaamriwa kukagua karatasi za wapangaji, kama matajiri walivyokwisha kuamriwa kukagua za wafanyakazi. Basi mzee aliyelipa kodi ya serikali miaka mingi akaambiwa, "Thibitisha!" Wako waliopoteza kazi, waliopoteza nyumba, walionyimwa matibabu, hata waliofungwa na kutolewa nchini. Mwaka 2018 Serikali iliomba radhi, na Waziri Amber Rudd akajiuzulu. Mpango wa fidia ulianza 2019, lakini wengine walikufa kabla ya kulipwa.

Kwetu Kenya jambo hili si geni. Wazee wetu walivaa kipande shingoni, na aliyekutwa bila kipande alishikwa. Tena mwaka 1968 Bunge la Uingereza, kwa siku chache tu, liliwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza mikononi.

Kwa hiyo, ndugu, tuna mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama aweke barua ya kazi, hati za mshahara na kadi ya chama, na anayesafiri aache nakala nyumbani. Pili, tudai kwa sauti moja kwamba ofisi iliyopoteza daftari isimtwike mfanyakazi mzigo wa kulitafuta. Mtu mmoja akidai hayo huambiwa arudi kesho. Tukidai sote, tutasikizwa.

Umoja ni nguvu.