Kwa Baisikeli Kutoka Mazimbu Mpaka Maji ya Mindu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za safari ndogo ya baisikeli, safari iwezayo kufanywa na mtu ye yote mwenye miguu mizima, breki nzuri na siku moja ya nafasi. Huanza Mazimbu, hapa Morogoro, nayo hufika ukingoni mwa maji ya Mindu, kisha hurudi.

Mnajua ya kuwa Morogoro huitwa mji kasoro bahari. Waliotunga jina hilo waliona milima, mito, matunda na mboga, wakasema kilichopungua ni bahari tu. Mimi siwezi kuwaletea bahari. Lakini tangu mto Ngerengere ulipozuiwa hapo Mindu katika miaka ya 1980, tumepata ziwa. Si ziwa la tangu zamani kama Nyasa au Tanganyika. Ni kazi ya mikono ya watu, na lilifanywa ili mji wa Morogoro upate maji ya kunywa. Neno hilo la kunywa nawaomba mlishike, maana nitalirudia.

Mazimbu zamani palikuwa shamba la mkonge. Katika mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa mahali hapo wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini wa chama cha ANC. Wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa huko Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, naye alikuwa na miaka 22 tu. Mwaka 1992, njia ya kurudi kwao ilipokwisha kufunguka, waliikabidhi Serikali majumba yote, na leo mahali hapo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Pana makaburi pia ya wale waliofia ugenini. Mimi hupenda kuanzia safari yangu hapo, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, kwa kuwa njia zina miti na baisikeli haigombani na motakaa.

Kabla ya kupanda, itazame baisikeli yako. Bonyeza tairi kwa kidole gumba; likibonyea, lijaze upepo. Kaza njiti zilizolegea. Tia mafuta mnyororo, lakini si mengi, maana mafuta mengi hukusanya mchanga, na mchanga hula chuma. Tena chukua pampu, kiraka na gundi. Msicheke! Upande huu wa milima ya Uluguru ni mkavu kuliko upande wa mashariki, kwa sababu upepo wa baharini huimwaga mvua yake nyingi kule mashariki kabla ya kuvuka vilele. Na penye ukavu pana mbigili. Mwiba wa mbigili ni mdogo kama punje ya mtama, lakini jinsi uangukavyo ncha moja daima hutazama juu, kana kwamba ulikuwa ukikungojea wewe. Bwana John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888 huko Ireland, nadhani hakupata kuiona mbigili ya Morogoro. Siku moja niliziba matundu manne kabla ya saa tatu, na la tano nililiziba kwa kiraka cha kuazima.

Kutoka Mazimbu huna budi kuifikia barabara kuu ya Iringa, ile iendayo Mzumbe, Mikumi, Mbeya, hata mpaka wa Zambia huko Tunduma. Hapa nitasema polepole, kwa kuwa hapa ndipo watu hufa. Malori ya barabara ile ni marefu, nayo hubeba mizigo ya nchi tatu au nne. Lori likikupita karibu, kwanza upepo wake hukusukuma nje, kisha mkia wake hukuvuta ndani. Asiyejua hushtuka, akageuza usukani kwa nguvu, akaanguka njiani mbele ya gari la pili. Mimi nilitupwa mtaroni mara moja, na namshukuru Mungu ya kuwa ulikuwa mtaro wala si lami. Dereva hakusimama. Tangu siku ile, nikisikia ngurumo nyuma, sitazami. Hushika usukani kwa mikono miwili bila kuukaza sana, hukaa kushoto kabisa, na penye ukingo wa changarawe hushuka nikasimama. Hakuna aibu katika kushuka. Usipande wawili wawili sambamba, usibebe mtu juu ya keria, na usirudi usiku bila taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Watu wengi hudhani ya kuwa wao wakiliona gari, basi gari nalo limewaona. Si hivyo.

Lakini ukiisha kuvumilia barabara hiyo kwa kilomita chache, malipo yapo. Mlima Mindu umesimama upande mmoja, na Uluguru upande mwingine, rangi ya buluu asubuhi na ya majani mabichi jua likipanda. Kati yake maji yametanda. Hapo huiacha lami nikafuata njia za miguu, taratibu, nikisukuma penye mawe. Ndege wa majini husimama penye maji machache, na wavuvi hurudi na mitumbwi. Msioge, wala msitie miguu: maji yaliyotulia namna hii huweza kuwa na konokono waletao kichocho, na kichocho hakitofautishi mgeni na mwenyeji.

Siku moja, nikitazama ndege badala ya njia, niliingia katika bustani ya mchicha. Mzee mmoja aliinuka na jembe lake. Nikateremka upesi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekwisha kupita, au utarudi kuukanyaga uliobaki?"

Nikamwomba radhi, nikamlipa mafungu mawili, akanikaribisha kivulini. Katika mazungumzo akaniambia ya kuwa wamekatazwa kulima karibu na maji. Ni kweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Akaniuliza, "Basi sisi tukiondoka, ninyi wenye baisikeli ndio mtakaopewa hapa pa kuchezea?"

Sikuwa na jibu siku ile, na nimelifikiri swali lake mara nyingi. Udongo uliolimwa ukingoni huchukuliwa na mvua za masika, ukazama bwawani. Kila mwaka sakafu ya bwawa hupanda kidogo, na nafasi ya maji hupungua, hata kiangazi kikiwa kirefu mabomba ya mjini hukauka. Hayo yote ni kweli juu ya jembe. Walakini tairi nalo si malaika. Watu ishirini wakiteremka mteremko mmoja kila Jumapili, huchimba mfereji. Masika yakija mfereji huwa korongo, na korongo lile humwaga udongo mahali pale pale. Basi kama jembe lazuiwa katika mita 60, yafaa tairi lizuiwe pia. Njia ya baisikeli ipite juu, nje ya mpaka huo, ikiuzunguka mteremko wala si kuukata moja kwa moja. Na wakati wa masika isipitwe kabisa. Na hao waliohamishwa wapewe mahali pa kulima kando ya njia hiyo, wauze ndizi, maembe na huo mchicha wao kwa wapitao. Hilo ni wazo langu mimi, wala sijasikia ya kuwa limekubaliwa po pote.

Mahali pengine mambo haya yametengenezwa. Huko Ulaya kuna ziwa liitwalo Bodensee, lililo kati ya Ujerumani, Uswisi na Austria, na njia ya baisikeli yalizunguka lote, yapata kilomita 260. Karibu na ziwa Naivasha, nchini Kenya, iko hifadhi ya Hell's Gate, ambamo mtu huruhusiwa kupanda baisikeli kati ya pundamilia na twiga. Na kwetu, vijana wa Mto wa Mbu huongoza wageni kwa baisikeli mpaka ukingo wa ziwa Manyara, wakapata riziki yao.

Jambo moja msilifanye. Msione Mindu imekuwa rahisi mkajidanganya kuendelea kwa baisikeli mpaka hifadhi ya Mikumi. Hifadhi hiyo, iliyowekwa mwaka 1964, imepasuliwa na barabara hiyo hiyo kuu kwa kilomita hamsini hivi. Tembo na simba huivuka wapendapo, nao hawajui kengele. Atakaye kuiona Mikumi na apande basi.

Mimi nirudipo hufuata saa ya jua kulegea, kama saa kumi. Mto Ngerengere nao hutoka bwawani ukaendelea na safari yake, ukaingia mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Kila nikipita pale kwenye mchicha hupiga kengele kutoka mbali, na yule mzee huinua jembe. Mara ya mwisho alinionyesha mstari wa mawe aliyoyapanga mwenyewe mwishoni mwa bustani, akasema, "Baisikeli mwisho hapa."

Kwa herini.