Mkaazi Si Raia: Usalama wa Kisheria wa Mtanzania Aishiye Ughaibuni



Watanzania waishio nje, nikikutana nao msibani au harusini, au wakinipigia simu usiku kwa saa zao za mchana, huniuliza yale yale. Nikichukua uraia wa huku, kiwanja changu cha Kibaha kitakuwa cha nani? Nikirudi kumuuguza mama miezi minane, nitaruhusiwa kuingia tena? Mwanangu amekamatwa, wakili anasema akiri kosa yaishe, akiri? Muulizaji wa kwanza hujiona ana shida ya ardhi, wa pili ya safari, wa tatu ya jinai. Rai yangu jioni ya leo ni kwamba wote watatu wamebanwa na jambo moja, na nusu ya jambo hilo tumelitunga wenyewe, hapa hapa nchini, katika kifungo cha 7 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995.

Nitaanza na Marekani, kwa sababu sheria yake ya uhamiaji inaonyesha waziwazi umbali uliopo kati ya mkaazi na raia. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anafanya kazi, analipa kodi, ananunua nyumba, anasomesha watoto. Machoni pa jirani yake hana tofauti na raia. Mbele ya afisa uhamiaji tofauti ni kubwa. Akikaa nje ya Marekani zaidi ya siku 180 mfululizo, akirejea anaweza kuchukuliwa kama mtu anayeomba kuingia upya. Akipitisha mwaka bila kibali cha kurejea alichokiomba kabla ya kuondoka, kadi yenyewe haitoshi tena kumwingiza.

Hapo uwanja wa ndege huwa kuna fomu moja ambayo kila mkaazi anapaswa kuijua kwa namba yake: I-407. Ndiyo fomu ya kutamka kwamba umeuacha ukaazi wako kwa hiari. Abiria ametoka safari ya saa ishirini, pengine ametoka kuzika, anaingizwa chumba cha pembeni, anawekewa karatasi na kalamu na kuambiwa kusaini kutarahisisha mambo. Wengi husaini. Sheria haiwalazimishi. Mkaazi ana haki ya kukataa na kuomba suala lake lipelekwe kwa hakimu wa uhamiaji, na mpaka hakimu aamue, ukaazi wake haujafutika. Nimewaeleza jambo hili watu wenye shahada mbili wakashangaa, na siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwa lugha wanayoielewa wakiwa wamechoka na wana hofu.

Suala la jinai ni zito zaidi, nami nitakaa nalo kidogo. Marekani kesi nyingi za jinai haziishii kwenye ushahidi na hukumu. Huisha kwa mapatano: mshtakiwa anakiri, mwendesha mashtaka anapunguza shtaka, na adhabu inakuwa nyepesi. Kwa raia, mapatano hayo mara nyingi ni nafuu ya kweli. Kwa mkaazi yanaweza kuwa ndiyo mwisho wa maisha yake pale. Chukulia kijana aliyeiba kitu dukani, akakiri, akahukumiwa mwaka mmoja ambao hakutumikia hata siku moja kwa kuwa adhabu iliahirishwa. Anatoka mahakamani anamshukuru Mungu. Lakini kwa sheria ya uhamiaji, hasa baada ya marekebisho makali ya 1996, kifungo cha mwaka kwa kosa la wizi ni kifungo cha mwaka hata kama kimeahirishwa, na kosa hilo linaingia katika kundi linaloitwa makosa makubwa. Anaweza kufukuzwa nchini, na njia za kuomba huruma ya hakimu zimefungwa karibu zote. Hata pale ambapo mahakama ya jinai haikuandika hukumu ya mwisho, kukiri tu, kukiambatana na adhabu yoyote, kunatosha kuhesabiwa kuwa ametiwa hatiani.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Padilla dhidi ya Kentucky. Jose Padilla alizaliwa Honduras, alikuwa mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40, na alilitumikia jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Alikiri kosa la kusafirisha bangi baada ya wakili wake kumwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji, kwa kuwa ameishi nchini muda mrefu. Ushauri ule ulikuwa wa kupotosha. Mahakama ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kikatiba kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha. Tangu hapo swali la kumuuliza wakili kabla ya kusema “nakiri” lina nguvu ya Katiba nyuma yake, na kila mzazi wa Kitanzania mwenye kijana kule alijue. Ajue pia kwamba katika mahakama ya uhamiaji serikali haikulipii wakili, kama inavyofanya kwa mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo. Unamtafuta kwa gharama yako, au unasimama peke yako.

Nitagusa kwa haraka kosa ambalo hata halionekani kuwa kosa. Unakwenda kuchukua leseni ya udereva, unapewa fomu, na kati ya maswali mengi mna moja: je, wewe ni raia, ungependa kuandikishwa kupiga kura? Mkaazi anayeweka alama ya ndiyo bila kusoma amejitangaza raia kwa uongo, na jambo hilo linaweza kumfukuzisha.

Msidhani ni Marekani peke yake. Uingereza, kwa sheria yake ya mipaka ya mwaka 2007, mgeni aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi huingia katika utaratibu wa kufukuzwa bila kusubiri uamuzi mwingine, isipokuwa awe ndani ya misamaha iliyotajwa. Na mwenye kibali cha kuishi huko bila ukomo, akikaa nje ya nchi zaidi ya miaka miwili mfululizo, kwa kawaida hukipoteza.

Kinga dhidi ya yote haya ni uraia. Raia wa Marekani hafukuzwi kwa kuiba dukani, wala haulizwi kwa nini alimuuguza mama yake miezi minane. Na mlango upo: baada ya miaka mitano ya ukaazi, au mitatu kwa aliyeoa au kuolewa na raia na kuishi naye, mtu anaweza kuomba.

Mtanzania anasita kuomba. Anasita kwa sababu kifungo cha 7 kinasema mtu mzima anayepata uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaacha kuwa raia wa Tanzania. Akishaacha, kifungo cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamkuta: asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji au, tangu marekebisho ya 2025 nitakayoyataja, kwa hadhi maalumu. Mtoto wake aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili naye akifikisha miaka 18 anatakiwa kuchagua. Na kwa kuwa uraia ni jambo la Muungano, Mzanzibari aliyeko London au Toronto yuko ndani ya kifungo hicho hicho. Basi mtu anabaki mkaazi miaka ishirini, akilinda kiwanja na jina la nyumbani, huku fomu moja au kosa moja la ujana likitosha kumvunjia maisha ya kule. Tunamwita mzalendo, ila ulinzi wa uzalendo huo anaugharimia peke yake.

Mkenya aliye mtaa mmoja naye hana mtego huo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Ana wajibu wa kuutangaza uraia wa pili ndani ya miezi mitatu, na ibara ya 78 inawazuia wenye uraia wa nchi mbili kushika nyadhifa za juu za dola, isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa. Hofu ya utii na usalama, ambayo kwetu hutajwa kila mjadala huu unapoanza, Kenya waliijibu kwa kulinda ofisi nyeti, wakamwachia mwananchi wa kawaida uraia wake. Uganda nayo imeruhusu uraia pacha. Sioni hoja ya usalama inayomhusu muuguzi wa Kitanzania aliyeko Houston.

Mwaka 2025 sheria zetu za uhamiaji na ardhi zilirekebishwa ili kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania. Ni hatua nzuri, na walioipigania wanastahili pongezi. Lakini hadhi hiyo ni ruhusa anayopewa mtu ambaye tayari ameondolewa uraiani. Haimrudishii kura, wala haimwondolei yule anayesita hofu ya kuitwa mgeni kwao.

Kwa aliyeko nje sasa, nasema hivi: usisaini I-407 kwa haraka. Usikiri kosa kabla wakili anayeijua sheria ya uhamiaji hajalisoma shtaka lako. Ukikamatwa ugenini, taja ubalozi wako. Mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 36, unawalazimu waliokukamata kukueleza kwamba una haki hiyo, na ukiomba, kuujulisha bila kuchelewa. Na kwa waheshimiwa wabunge mliopo ukumbini, ombi langu ni moja: kifungo cha 7 kirekebishwe, ili raia wa kuzaliwa wa Tanzania asilazimike kuuza usalama wake ili abaki kuwa wetu.